Rutuba ya Buha: Samadi, Mbolea ya Viwandani na Sera Zinazosahau

Kila tunapofika kwenye historia ya kilimo, wanafunzi wangu huniuliza: ipi bora, samadi au mbolea ya viwandani? Swali hilo lilikwisha kupata jibu. Lililobaki ni kwa nini mkulima wa Busunzu, katika nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, apate taabu kuzipata zote mbili. Jibu lake halimo kwenye udongo peke yake; limo kwenye historia.

Zamani rutuba ya Buha ilitegemea sana ng'ombe. Katika mfumo wa ubugabire, mkulima alikabidhiwa ng'ombe na mwenye mifugo, naye akalipa kwa utii na kazi. Siusifu mfumo huo, kwa maana haukuwa wa usawa. Hata hivyo, samadi ilibaki kwa aliyefuga, ikamwagwa migombani pamoja na majivu na takataka za jikoni. Udongo uliozunguka nyumba ukawa akiba iliyowekwa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka.

Akiba hiyo ilipigwa mapigo mengi. Sotoka ya miaka ya 1890 ilifyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki. Utawala wa Waingereza uliigeuza Buha kuwa chimbuko la manamba, vijana wakaenda kukata mkonge Tanga, na mikono ya kubeba samadi ikapungua. Katika miaka ya 1930, vita dhidi ya malale viliwahamisha watu wengi wa Kibondo na kuwakusanya katika makazi mapya. Kisha ikaja Operesheni Kigoma ya mwaka 1972, watu wakahamishiwa vijijini. Mtu aliweza kubeba jembe na mlango wa nyumba yake. Udongo alioulisha maisha yake yote hakuweza kuubeba.

Ni kweli kwamba dola ilileta mbadala. Mwaka huohuo wa 1972 kiwanda cha mbolea cha Tanga kilianza kazi, na katikati ya mwongo huo Mradi wa Taifa wa Mahindi ukasambaza mbolea kwa bei ya ruzuku. Lakini kiwanda kilifungwa mwaka 1991, na katika miaka iliyofuata ruzuku ikaondolewa hatua kwa hatua chini ya marekebisho ya uchumi. Ikarejea 2003/04, ikawa ya vocha 2008/09, na kuanzia 2022/23 ikawa ya usajili wa kidijitali. Mkulima aliyekwisha kupoteza akiba ya ardhini akafungwa kwenye kamba ya bajeti, ambayo mara huvutwa, mara hulegezwa.

Turudi sasa kwenye swali la wanafunzi. Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwa samadi kavu yenye asilimia moja ya naitrojeni, kiasi hicho kinahitaji tani 2.3, tena sehemu kubwa yake huachiliwa polepole. Asiye na ng'ombe atazitoa wapi? Kwa upande wa pili, urea haiongezi mboji. Ikitumiwa peke yake miaka mingi huzidisha tindikali, na katika udongo wenye tindikali fosforasi hunaswa, mizizi isiipate. Kule Kabete, Kenya, jaribio la mahindi na maharage lililoanza mwaka 1976 limeonyesha kwamba vishamba vilivyopewa samadi pamoja na mbolea ya viwandani huzaa kuliko vilivyopewa moja tu. Hata hivyo, mboji imeendelea kupungua humo. Rutuba haisubiri mpango wa mwaka ujao.

Kwa hiyo, anayemwambia mkulima wa Busunzu achague moja anamwonea, na anayehesabu mifuko iliyogawiwa anahesabu nusu ya kazi. Ninyi watumishi wa umma mnaoandika taarifa za msimu, ongezeni safu moja: baada ya mavuno, udongo umebaki na nini? Ruzuku iende pamoja na mifugo ya zizini, mikunde, chokaa na upimaji wa udongo, na idumu kupita uchaguzi mmoja. Mababu waliijenga akiba ile bila wizara. Sisi tunayo wizara, na bado tunakula mtaji.