Nyumba ya Hewani: Historia ya Utani wa Abunuwasi

Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021 na kuadhimishwa kila Julai 7, huja na hotuba na mashairi mengi, lakini ni nadra kukumbuka utani mkongwe wa kuichukua nahau, yaani fungu la maneno ambalo maana yake haitokani na neno moja moja, kama ilivyotamkwa. Akiambiwa kwamba jirani ana mkono wa birika, maana yake ni mchoyo, mtani huuliza kama chai imo.

Bingwa wa utani huu ni Abunuwasi, ambaye jina lake latokana na Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, ingawa hekaya zenyewe zimechanganyika na zile za Juha wa Waarabu na Nasreddin wa Waturuki.

Hekaya inayostahili kusimuliwa kwa kirefu ni ile ya sultani aliyemwamuru Abunuwasi ajenge nyumba hewani, naye, badala ya kulalamika kwamba haiwezekani, akaunda tiara kubwa, akaifunga kengele na kuirusha, kisha akamwarifu sultani kwamba mafundi wamekwishaanza kugonga, ila wanangoja mawe na chokaa, hivyo watumwe wapagazi wa kuvipandisha. Sultani alipojibu kwamba hakuna awezaye kupanda huko, alikuwa ameivunja amri yake kwa kinywa chake mwenyewe. Agizo kama hilo limo pia katika masimulizi ya kale ya mwenye hekima Ahikari, katika matoleo ya Kisiria na Kiarabu, na hapo ndipo uzito wa utani huu unapoonekana: mnyonge hamkatalii mtawala, bali humtii hadi upuuzi wa amri ujulikane.

Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi Tanzania mwaka 1967, hekaya na nahau zilizidi kuenea bara. Katika Nyakahura, wilayani Biharamulo, kwenye barabara iendayo Ngara na Rusumo, ambako Kisubi, Kihangaza na Kisukuma husikika majumbani, mtoto anayejifunza Kiswahili akiwa amekwishakua kidogo huanza kwa kusikia neno lilivyo, na kosa lake ni mlango halali wa nahau. Inasikitisha kwamba nahau hukaririshwa kwa ajili ya mtihani, kicheko kikiachiwa wachekeshaji wa filamu kama King Majuto, aliyefariki mwaka 2018, ilhali mwalimu angeweza kuanza somo kwa tiara na kengele zake.