Jiwe la Lisbon

Nilipofika Lisbon, mji mkuu wa Ureno, sikuwa na shughuli yo yote ila kutazama. Mji huo umejengwa juu ya vilima kando ya mto Tagus, na njia zake za miguu zimetandikwa vijiwe vyeupe na vyeusi ambavyo huteleza sana wakati wa mvua. Lugha ya wenyeji sikuijua. Au ndivyo nilivyodhani. Mkahawani mtumishi alinionyesha mahali pa kukaa akatamka “mesa”, nami nikamfahamu kabla sijafikiri. Bendera kwao ni “bandeira”, na mvinyo ni “vinho”. Lakini neno lililonishangaza kupita yote ni “igreja”, maana yake kanisa. Wataalamu wa lugha husema kwamba neno hilo ndilo lililozaa gereza letu. Mtu wa Mombasa haoni ajabu kubwa, kwa kuwa ndani ya ngome ya Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mlikuwa na kanisa. Na ngome hiyo hiyo ikawa jela ya serikali tangu 1895 hata 1958.

Siku ya pili nalipanda tramu hata Belém, kiungani mwa mji. Hapo ndipo Vasco da Gama alipong’oa nanga mwezi wa Julai 1497. Pana nyumba kuu ya watawa, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1501 kwa amri ya Mfalme Manuel, na fedha nyingi za ujenzi zilitoka katika kodi ya biashara ya Afrika na Mashariki. Nguzo zake zimechongwa kamba na majani ya mawe kwa ustadi ambao sikupata kuuona mahali pengine, na sioni haya kuusifu. Karibu na mlango wa kanisa limo kaburi la Vasco da Gama mwenyewe, aliyefia Cochin, Bara Hindi, mwaka 1524. Sanamu yake imelazwa juu ya jiwe, mikono imekutana kama aombaye.

Nalisimama hapo kwa muda mrefu. Watu walipiga picha, wakaenda zao. Mimi nilikuwa nikihesabu miaka. Aprili 1498 Mombasa ilimshuku mgeni huyu, Malindi ikamkaribisha na kumpa rubani wa kumvusha hata Calicut. Mwaka 1505 merikebu za Francisco de Almeida ziliteka Kilwa, kisha zikaupora mji wa Mombasa na kuuchoma moto. Mwaka huo mafundi wa Belém walikuwa wangali wakijenga kuta hizi nilizokuwa nikizisifu.

Ukingoni mwa mto umesimama mnara wa mwaka 1960, wenye umbo la omo ya jahazi na urefu wa mita 52. Juu yake zimepangwa sanamu 33 za mabaharia, wafalme, mapadri na wachora ramani. Rubani wa Malindi hayumo. (Vitabu vya zamani vilimwita Ahmad ibn Majid, wanahistoria wengi wa leo hawakubali.)

Hata hivyo sikuweza kuuchukia mji ule. Jioni nalipanda kilimani kwenye kanisa la Carmo, lililoachwa bila paa tangu tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, tetemeko la nchi lilipoangusha mji, bahari ikaufurikia na moto ukamaliza yaliyosalia. Maelfu ya watu walikufa. Nami nikakumbuka magofu ya Kilwa na Gedi, ambayo mengi yake nayo hayana paa.

Huko Malindi, juu ya mwamba ukabilio bahari, ipo nguzo ya Vasco da Gama, na msalaba wake ulichongwa kwa jiwe lililoletwa kutoka Lisbon. Nilipelekwa kuitazama nikiwa mwanafunzi, wala sikuuliza jiwe lilitoka wapi. Kabla ya kuondoka Belém niliweka kiganja changu juu ya ukuta. Ulikuwa mweupe, na baridi, ingawa jua lilikuwa likiwaka.