Kioo Cheusi na Jicho la Kaunta

Kabla simu janja hazijazagaa, sisi waandishi wa Songea tulikuwa tunachapia habari kwenye intaneti kafe. Unalipia nusu saa, unachapa mbiombio huku ukiomba umeme usikatike. Siku moja nikiwa kona ya mwisho, mgongo ukutani, jamaa wa kaunta akapaza sauti: "Kaka, aya ya pili hapo umekosea jina la kata!"

Kumbe programu ileile iliyokuwa inahesabu dakika zangu ilikuwa inampelekea kioo changu chote mezani kwake. Na kwenye habari ile kulikuwa na jina la mwalimu aliyeniamini.

Basi nikaanza kugeuza rangi: ukurasa mweusi, herufi nyeupe. Macho yakatulia, jirani haoni vizuri, nikajiona nimejificha.

Weusi huo si mgeni. Kompyuta nyingi za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 zilikuwa na kioo cheusi chenye herufi za kijani, maana fosfori iling'aa pale tu ilipopigwa na elektroni. Kwingine kote palibaki giza. Mwaka 1984 Macintosh ya Apple ikaja na kioo cheupe kinachoiga karatasi, na wengine wakafuata. Kwetu serikali ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na milango ilifunguka polepole. Wengi wetu tulipokuja kuijua kompyuta, tayari ilikuwa nyeupe.

Halafu ukaja 2018. Machi zilitoka Kanuni za Maudhui Mtandaoni: kafe ifunge kamera, imsajili kila mteja kwa kitambulisho, ichuje yaliyokatazwa, mwenye blogu naye akate leseni, ada yake shilingi milioni moja kwa mwaka. Mwaka huohuo Songea ikaunganishwa na gridi ya taifa kupitia njia ya umeme kutoka Makambako, tukaachana na kutegemea jenereta. Septemba, Apple nayo ikaurudisha weusi kwenye kompyuta zake kupitia macOS Mojave, safari hii kama starehe ya macho.

Starehe ipo, lakini ina mipaka. Usiku, chumba kikiwa na giza, weusi hupunguza mwanga unaochoma macho, na kwenye simu za OLED huokoa chaji. Mchana kweupe, herufi nyeusi kwenye ukurasa mweupe ndizo husomeka vizuri zaidi, kwa sababu mboni hujibana na jicho likaona kwa ukali. Faida zake ndizo hizo. Programu ya ufuatiliaji haijali rangi: hunasa picha ya kioo kizima, na nyingine hurekodi kila kitufe unachobonyeza.

Yule jamaa mwenyewe ndiye aliyenitoa ushamba. Siku moja nikilipa, akacheka: "Kaka, weka giza lako tu, mimi huku naona kila kitu."

Nilirudi kwenye kiti nikalifuta jina la mwalimu. Mpaka leo natumia kioo cheusi, macho yangu yamekizoea. Ila jina la mtu aliyenipa habari kwa siri naliandika kwenye daftari, kwa kalamu, na daftari halitoki nyumbani.