Deni, Kisu na Mahakama: Safari ya Mabepari wa Venisi Kuelekea Runingani

Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Oxford University Press ilichapisha Mabepari wa Venisi, tamthilia ya William Shakespeare iliyotafsiriwa na Mwalimu Julius Nyerere. Tafsiri yake ya kwanza ya Shakespeare, ya tamthilia ya Julius Caesar, ilikuwa imetoka mwaka 1963. Mkuu wa nchi changa, mwenye vita vya ujinga, maradhi na umaskini mikononi mwake, aliona inafaa kuketi na mashairi ya karne ya 16 mpaka yakazungumza Kiswahili. Urithi huo una kazi moja kubwa ya kufanya katika zama zetu, nayo ni kuwa tamthilia ya runinga yenye taharuki. Pa kuipiga picha ni hapa Nzuguni, jijini Dodoma.

Shakespeare aliiandika yapata mwaka 1596 au 1597, na juzuu kubwa la kazi zake la mwaka 1623 likaiweka miongoni mwa ramsa. Ina haki ya kukaa humo, kwa maana ina wapenzi, wanawake waliojigeuza wanaume, mzaha wa pete na ndoa mwishoni. Lakini kinachoisukuma ni hofu. Bassanio anataka fedha za kwenda kumposa Portia. Rafikiye Antonio, mfanyabiashara ambaye mali yake yote iko baharini, anakopa dukati 3,000 kwa mkopeshaji Shylock, za kulipwa ndani ya miezi 3. Hakuna riba, ila akishindwa kulipa atakatwa ratili moja ya nyama ya mwili wake. Habari za merikebu kuzama zinaanza kufika, muda unakwisha, na mahakamani Shylock ananoa kisu. Portia, aliyevaa joho la mwanasheria, anamwokoa Antonio kwa maneno ya mkataba wenyewe, kwamba umetaja nyama, haukutaja damu. Muda unaoyoyoma, utambulisho wa uongo na mkataba wenye mtego ndivyo vinavyomfanya mtazamaji asiinuke kitini.

Ramsa hii ina doa la machungu pia. Shylock ni Myahudi anayetemewa mate sokoni na wale wale wanaomkopa, na hukumu inamnyang'anya mali na dini yake. Msanii wa leo hawezi kuupita udhalimu huo kama utani. Akimpa Shylock ubinadamu wake wote, kisa kinazidi kuwa kizito, na mtazamaji analazimika kujiuliza nani hasa mkatili.

Wamaori wa New Zealand wametutangulia njiani. Pei Te Hurinui Jones aliitafsiri tamthilia hiyo kwa Kimaori mwaka 1945. Mwaka 2002 Don Selwyn aliifanya filamu ndefu kwa lugha hiyo, ikichezwa na Wamaori wenyewe. Tafsiri iliyokuwa hazina ya wasomi ikawa jambo la kutazamwa na wazee na watoto wa jamii nzima. Lugha yenye wasemaji wachache kuliko yetu ilifika huko.

Sisi hatukukosa misingi. Vichekesho vilichezwa tangu enzi za ukoloni bila maandishi, wachezaji wakipeana maneno papo hapo. Redio Tanzania ilitupatia Pwagu na Pwaguzi, na vikundi kama Muungano na Tanzania One Theatre vikachanganya ngoma, taarabu, sarakasi na vichekesho katika onyesho moja. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi mwaka 1973, na Bara ikapata ITV mwaka 1994. Kupitia michezo ya runinga ya kikundi cha Kaole tuliwajua waigizaji walioibeba baadaye sinema ya nchi hii. Marehemu Amri Athumani, Mzee Majuto, alituvunja mbavu hadi mauti yalipomfika mwaka 2018. Hadhira iliyolelewa hivyo haioni ajabu kicheko na wasiwasi kukaa nyumba moja.

Kwa nini Nzuguni? Venisi ya Shakespeare ni mji wa biashara wenye sheria, na kata hii ina vyote viwili kwa karibu. Hapa kuna viwanja vya Nanenane, Soko la Job Ndugai na stendi kuu ya mabasi, na si mbali kuna Bunge na mahakama za makao makuu. Antonio wa leo angekuwa mchuuzi wa zabibu za Dodoma au alizeti ya Singida, aliyeweka mtaji wake wote juu ya malori yaliyoko barabarani. Shylock angekuwa mkopeshaji anayeshikilia kadi ya benki ya mtu. Mikopo ambayo wananchi wameibatiza "kausha damu" imejadiliwa bungeni hapa hapa mjini, ingawa tuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kwa mama aliyechukuliwa vyombo vya ndani kwa deni, hoja ya Portia haihitaji maelezo.

Watunzi wa runinga wanaotafuta visa wasikimbilie kunakili tamthilia za Uturuki au Korea. Waanze na kitabu hiki, wakae na wafanyabiashara wa Nzuguni, wasikilize mikataba inavyosainiwa na inavyovunjwa, kisha waandike. Mwalimu alikwisha kutuvusha mpaka wa lugha, sasa ni zamu yao kuivusha hadithi kutoka kitabuni.