Kifuatilia kumbukumbu

Kifuatilia kumbukumbu ni programu ndogo inayoonyesha, kila baada ya sekunde moja au chache, kiasi cha kumbukumbu ya muda (RAM) kinachotumika kwenye kompyuta na programu zinazokitumia. Hesabu zenyewe hutunzwa na mfumo endeshi, ambao hugawa kumbukumbu kwa kurasa, kwa kawaida za baiti 4,096 kila moja, na kujua kila ukurasa umekabidhiwa nani. Kazi ya kifuatilia ni kuuliza na kuchora majibu. Kwenye Linux mtu yeyote anaweza kuyasoma mwenyewe katika faili la /proc/meminfo.

Mkongwe kati ya programu hizi ni top, iliyoandikwa na William LeFebvre mwaka 1984 kwa ajili ya Unix. Task Manager ya Windows ni kazi ya Dave Plummer na ilitoka na Windows NT 4.0 mwaka 1996. Mbrazili Hisham Muhammad alileta htop mwaka 2004.

Mjini Moshi, penye Chuo Kikuu cha Ushirika na chuo cha tiba cha KCMC, kazi nyingi za wanafunzi na waombaji hupitia stesheneri, na huko ndiko kifaa hiki kinakoonyesha thamani yake. Msimu wa maombi ya mikopo ukifika, mhudumu huwa amefungua kwa pamoja fomu ya Bodi ya Mikopo kwenye Chrome, vyeti vilivyoskaniwa, barua kwenye Word, na kwa nyuma programu ya kuzuia virusi inafanya kazi. Mashine ya GB 4 ikianza kuganda, akibonyeza Ctrl, Shift na Esc, Task Manager itafunguka na atakuta safu ya kumbukumbu imevuka asilimia 90 na safu ya diski imegota 100. Zisomwe zote mbili. Zikipanda pamoja, mara nyingi maana yake ni kwamba Windows imeishiwa nafasi: inahamishia kurasa kwenye faili la pagefile.sys, kisha inazirudisha, huku diski ya kuzunguka ikiwa polepole kuliko RAM kwa mara maelfu. Kufunga vichupo vya Chrome visivyohitajika husaidia papo hapo.

Kumbukumbu iliyojaa, diski ikiwa imetulia, haina ubaya. Mfumo hutumia nafasi iliyolala kuweka nakala za mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia mara programu inapoihitaji. Watu wengi walitishwa na kiasi kidogo cha kumbukumbu “huru”, hata Linux ikaongeza mwaka 2014 mstari wa MemAvailable unaokadiria kile kinachoweza kupatikana kweli. Ndiyo maana programu zinazojinadi kwamba zinasafisha RAM hazistahili kuwekwa kwenye mashine ya mteja. Hulazimisha kurasa zitoke, namba hushuka na kupendeza macho, halafu kompyuta inalazimika kuzisoma upya kutoka diskini.

Uvujaji wa kumbukumbu una sura yake. Programu huomba kumbukumbu bila kuirudisha, na mchoro wake hupanda tangu asubuhi hadi jioni ingawa kazi ni ileile. Kuongeza RAM hapo ni kuahirisha tatizo. Dawa ni kuifunga programu na kuifungua upya, kisha kutafuta toleo lililorekebishwa.

Kwa aliye juu mlimani, Marangu, Kibosho au Rombo, ambaye lazima ateremke Moshi kutafuta kipande cha RAM, kifuatilia kinaokoa nauli. Kwenye ukurasa wa utendaji, Task Manager ya Windows 10 na 11 huonyesha kasi ya RAM iliyomo na nafasi ngapi zimetumika kati ya zilizopo. Aina nayo ijulikane kabla ya safari: kipande cha DDR3 hakiingii kwenye nafasi ya DDR4, kwa kuwa mkato wake umekaa pengine. Atazame pia kiasi kinachoweza kutumika dhidi ya kilichomo kwenye mashine. Mashine yenye GB 8 inayoonyesha kwamba inaweza kutumia GB 3 na ushei tu huenda ina Windows ya biti 32, ambayo kikomo chake ni GB 4. Huyo anahitaji kuwekewa Windows ya biti 64, ikiwa prosesa yake inaikubali, na fedha ya RAM ibaki mfukoni.