Msiba wa Jukwaani, Mchango wa Mlangoni

Asubuhi ya tarehe 3 Mei 2023 nilifika Mahoko, wilayani Rubavu, na godoro kichwani. Usiku wa kuamkia siku hiyo mto Sebeya ulikuwa umefurika, na tope lilikuwa bado limejaa ndani ya nyumba. Mama mmoja aliketi juu ya kinu kilichopinduka, akiosha sufuria yake moja kwa maji yale yale ya tope. Nikamwambia, "Pole, mama." Akauliza nimetoka wapi. Nikamjibu, Mbugangari, mjini Gisenyi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mmesikia huko."

Mafuriko yale yaliua watu zaidi ya 130 katika mikoa ya Magharibi, Kaskazini na Kusini mwa Rwanda. Nimelifikiria sana neno la yule mama. Hakuuliza nimeleta nini. Alichotaka kujua ni kama habari yake imetufikia.

Kusikia msiba wa mwenzako pamoja na watu wengine ni desturi ya zamani katika mji wetu wa Gisenyi. Wazee wetu walikuwa na igitaramo, kikao cha jioni cha hadithi, mashairi na habari za watu. Nilipokuwa mtoto, kikao hicho kilikuwa kimehamia kwenye redio. Mchana baba alianika betri juani zipate nguvu, na usiku majirani walijaa uani kwetu kusikiliza ikinamico, yaani mchezo wa kuigiza, wa Radio Rwanda. Waigizaji wa kundi la Indamutsa hatukuwajua kwa sura. Tuliwajua kwa sauti, na mhusika akipatwa na jambo, akina mama walimlilia kama jirani.

Mwaka 2004, miaka kumi baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, redio hiyo ilianza kutangaza mchezo wa Musekeweya. Gisenyi ilikuwa na majeraha yake. Hapa hapa mjini ndipo ilipo Commune Rouge, mahali walipouawa ndugu zetu. Mchezo ule haukutaja Mhutu wala Mtutsi. Ulisimulia vijiji viwili, Bumanzi na Muhumuro, vilivyofikishana kwenye umwagaji damu, na kati yavyo kijana Shema na msichana Batamuliza wakapendana. Aliyesoma Romeo na Juliet ataitambua njia hiyo mara moja.

Mtafiti Elizabeth Levy Paluck alifuatilia wasikilizaji wa mwaka wa kwanza na kuchapisha matokeo yake mwaka 2009. Mwishoni mwa utafiti kila kikundi kilipewa redio na kaseti za mchezo kama shukrani. Vikundi vilivyokuwa vikisikiliza mchezo mwingine, wa afya, vilielekea kumkabidhi kiongozi wa mtaa vitu vile. Waliosikiliza Musekeweya walibishana zaidi, kisha wakaelekea kuvitunza kwa pamoja. Ule ubishi naupenda, kwa sababu ndivyo majirani wanavyoanza kuaminiana tena.

Kuusikia msiba kwa pamoja hakukuanzia kwetu. Katika Athene ya kale, tajiri aliteuliwa na mji alipie kwaya ya tamthilia kwa fedha zake, kama wajibu wa raia. Baadaye ukawepo mfuko wa umma wa kuwalipia raia kiingilio, ili umaskini usimzuie mtu kuingia. Katika mji huo Sofokile aliandika tamthilia ya mfalme Edipo, yapata mwaka 429 K.K. Tazama inavyoanza: tauni imeupiga mji, wazee na watoto wamekaa mbele ya nyumba ya mfalme wakiomba msaada, naye anatoka mwenyewe kuwasikiliza. Anguko lake linakuja baadaye. Kwanza tunamwona kiongozi aliyetoka mlangoni.

Sisi tunaosema Kiswahili hatuna haja ya kungoja mfasiri. Samuel S. Mushi alikwisha kututafsiria Makbeth mwaka 1968 na tamthilia hiyo ya Sofokile, Mfalme Edipode, mwaka 1971. Nakala yangu ya Edipode imechakaa, jalada nimelishona kwa uzi wa viatu. Na tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, ingawa huku mpakani na Goma hakijawahi kuwa kigeni.

Ninaloomba, basi, ni hili. Walimu na vijana wa Rubavu, tuigize Mfalme Edipode kabla ya masika, kwa ajili ya familia za bonde la Sebeya. Jukwaa liwe uwanja wa shule, na taa zikikosekana tuanze saa tisa alasiri. Kiingilio kiwe blanketi, sufuria au kilo mbili za maharage. Asiye na kitu aingie bure, akae mbele. Na watu wa Mahoko wapewe viti vya kwanza, waone kwamba tumesikia.