Dudley Thompson

Dudley Joseph Thompson (1917–2012) alikuwa wakili, mwanasiasa na mwanadiplomasia wa Jamaika, kisiwa cha Karibi. Alizaliwa Panama, akakulia Jamaika. Katika Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la anga la Uingereza, kisha akasomea sheria Oxford kwa ufadhili wa Rhodes.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana sababu ya pekee ya kumkumbuka. Alifungua ofisi ya uwakili Moshi, Tanganyika, na Jomo Kenyatta alipokamatwa Oktoba 1952 alisaidia kukusanya mawakili wa kumtetea katika kesi ya Kapenguria. Jopo hilo liliongozwa na D. N. Pritt wa Uingereza, na ndani yake walikuwamo Chaman Lall kutoka India na H. O. Davies kutoka Nigeria. Hata hivyo, Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka saba.

Aliporudi Jamaika, Thompson aliendelea na uwakili, akaingia siasa kupitia chama cha PNP na kuwa waziri wa mambo ya nje mwaka 1975. Sifa yake ilitiwa doa mwaka 1978, alipowatetea hadharani wanajeshi waliowaua vijana watano huko Green Bay.